Safari ya Piyaya kumtafutia mahabusu mdhamini

Piyaya ni kata ya wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Iko kaskazini ya milima ya Gol, mahali ambapo tambarare za Serengeti huanza kuinuka kuelekea vilima vya Loliondo. Wakazi wake takriban wote ni wafugaji wa Kimaasai. Huko hatukukuta msikiti wala gereza, na neno lenyewe la gereza wazee walilitamka "jela" katikati ya maneno yao ya Kimaasai, kama watajavyo gari au simu, vitu vilivyokuja na wageni. Hata hivyo gereza ndilo lililotupeleka Piyaya mwezi wa Rajab uliopita, na mengi tuliyoyajua juu ya gereza tuliyajua huko, kwa watu waliokuwa nje yake.

Kamati ya msikiti wetu, hapa Karatu, ina desturi ya kuzuru gereza moja la mkoa wetu kila baada ya miezi miwili, na mara mbili katika Ramadhani. Tunapeleka sabuni, kandambili, dawa za meno, misahafu na juzuu Amma, na tukijaaliwa, mchele na nyama kwa ajili ya futari. Jina la gereza hilo hatutalitaja, kwa kuwa mengi tutakayoyasema yanahusu magereza mengi, na kwa kuwa baadhi ya askari wake wametutendea wema ambao haukuwa katika wajibu wao.

Katika ziara moja, wakati tukigawa sabuni, kijana mrefu mwenye masikio yaliyotogwa na kuvutwa, yasiyo na hereni hata moja, alitusogelea akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Shekhe, wewe unatoka upande wa Karatu. Mwambie mama yangu niko hai."

Tulidhani ni mmoja wa ndugu zetu katika imani, kwa kuwa alikuwa ameketi miongoni mwao. Hakuwa. Waislamu wa selo ile walikuwa wametenga pembe moja kwa ajili ya sala, wakiideki mara mbili kwa siku, na baada ya Isha huwaruhusu wengine walale pale. Kijana alipendelea pembe ile kwa usafi wake. Alikuwa ana miezi saba mahabusu. Shitaka lake lilikuwa la kuingiza mifugo katika eneo la hifadhi, pamoja na kosa jingine dogo linaloambatana na hilo. Dhamana ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza: wadhamini wawili, kila mmoja awe na kitambulisho cha taifa, barua ya mtendaji wa kijiji, na mali isiyohamishika. Katika miezi saba hiyo hakupata hata mdhamini mmoja. Nyumbani kwake, alisema, ni Piyaya.

Tulipolifikisha jambo hili katika kikao cha kamati, mjumbe mmoja, mtu mzima tunayemheshimu, aliuliza kama ni sawa fedha ya msikiti itumike kumhangaikia mtu asiyekuwa Muislamu, ilhali wapo vijana wetu wenyewe ambao nao hawana wadhamini. Swali lilikuwa la haki na lilistahili jibu la elimu. Surat Al-Insan, katika aya ya 8, inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka, na wafasiri wa mwanzo, akiwemo Ibn Abbas (r.a.), wamebainisha kwamba mateka wa zama zile walikuwa washirikina. Kama Mwenyezi Mungu amewasifu waliomlisha mtu yule, sisi tutapata wapi ujasiri wa kumuuliza mfungwa dini yake kwanza? Ikaamuliwa kwamba fedha ya mafuta itoke kwenye sadaka, zaka isiguswe, na kwamba vijana wetu wawili wasio na wadhamini watashughulikiwa na wajumbe wengine wiki hiyo hiyo. Mjumbe yule aliridhika. Tena yeye ndiye aliyetupatia gari.

Tuliondoka watatu baada ya sala ya Alfajiri: Imamu, dereva na sisi tulioshika kalamu hii. Kutoka Karatu mpaka lango la Loduare si mbali, lakini kuanzia hapo mtu huingia katika nchi nyingine. Ukingo wa kreta ulikuwa umefunikwa na ukungu hata taa za gari hazikusaidia kitu. Upande wa pili ukungu ulikatika ghafla, tukateremka kwenye uwanda wenye jua kali. Bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey alipata fuvu lile mashuhuri mwaka 1959, lilikuwa limejaa magari ya watalii. Baada ya hapo tuliiacha barabara kuu, tukafuata nyayo za magari kuelekea kaskazini, mwamba wa Nasera ukiwa mbele yetu na milima ya Gol kuliani.

Ulikuwa msimu wa nyumbu kuzaa. Hatujapata kuona wanyama wengi kiasi kile mahali pamoja. Dereva alisimama mara nne kuwapisha. Uwanda ulikuwa wa kijani kibichi na hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Tuliona ajabu, majani mengi kama yale yasiliwe na mifugo, mpaka tulipoelezwa baadaye kwamba nyumbu wanapozaa huacha ugonjwa unaoua ng'ombe, na Wamasai waliujua muda mrefu kabla ya madaktari wa mifugo. Kwa hiyo katika miezi ya mvua, majani yanapokuwa mazuri kabisa, mfugaji huwaondoa ng'ombe wake na kuwapeleka vilimani. Kiangazi kikifika, maji ya uwandani hukauka, naye hulazimika kwenda tena kwingine. Maisha yake yote ni kuhama kwa hesabu. Na huko kwingine, tangu mwaka 2022, kuna ardhi ambayo haruhusiwi kuikanyaga.

Tulipata pancha mbili. Tuliziunganisha Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza, kama sharia inavyomruhusu msafiri, kwenye kivuli cha mgunga ambao nao haukuwa na kivuli cha kutosha watu watatu. Tulifika Piyaya jua likiwa limeinama.

Wazee waliotupokea hawakufurahi kutuona, na sababu tuliielewa walipouliza swali lao la kwanza: "Mmekuja na karatasi?" Tulikuwa nazo, kweli, Imamu alikuwa ameshika bahasha ya nakala za hati ya mashitaka. Katika nchi ile mgeni mwenye bahasha hakumbukwi kwa wema.

Mwezi wa Juni 2022 serikali iliweka vigingi kutenga kilomita za mraba 1,500 katika tarafa ya Loliondo na maeneo ya jirani, ardhi ambayo vijiji kadhaa vilikuwa vikichungia. Juni 9 walikamatwa baadhi ya viongozi wa wilaya, wakiwamo madiwani, na diwani wa Piyaya alikuwa miongoni mwao. Siku iliyofuata kulitokea mapambano katika eneo la Ololosokwan; wananchi walijeruhiwa, wengine wakakimbilia Kenya, na askari polisi mmoja aliuawa. Naye alikuwa mtoto wa watu, na familia yake inastahili kuombewa subira. Mashitaka ya mauaji yalifunguliwa Arusha, na miongoni mwa walioshitakiwa walikuwamo wale waliokamatwa siku moja kabla ya askari yule kuuawa. Kosa la mauaji halina dhamana katika nchi yetu. Walikaa mahabusu mpaka Novemba 22, 2022, watu 24 walipoachiwa huru baada ya Mkurugenzi wa Mashitaka kuieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri. Mwaka huo huo eneo lile lilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Pololeti.

Waislamu wa nchi hii wanayafahamu maneno yale, "hana nia ya kuendelea." Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar waliyasikia Juni 2021, baada ya miaka mingi ya mahabusu. Ni maneno yanayofungua mlango lakini hayasemi kitu kingine. Hayasemi kwamba mtu alionewa, hayasemi kwamba hakufanya. Na kwa sheria yenyewe, mtu aliyeachiwa kwa njia hiyo anaweza kushitakiwa tena kwa jambo lile lile. Nabii Yusuf (a.s.) alipoitwa na mfalme atoke gerezani, hakutoka mbio. Alimrudisha mjumbe, akataka kwanza liulizwe jambo la wale wanawake waliojikata mikono, ili jina lake litoke safi kabla ya mwili wake. Tulipokuwa chuoni mwalimu wetu alituuliza kwa nini mtu aliyekaa miaka gerezani akatae kutoka hata siku moja. Darasa lilijibu mengi kuhusu subira. Leo tungejibu tofauti kidogo.

Wazee walipofahamu kwamba bahasha ile ilikuwa na jina la kijana wao, mambo yalibadilika. Maziwa yaliletwa. Mwalimu kijana wa shule ya msingi aliitwa awe mkalimani, tukaongozwa mpaka kwenye boma la mama yake.

"Takwenya, yeyo," alisema mwalimu, na mama akajibu, "Iko." Alikuwa ameketi kwenye ngozi mlangoni pa nyumba yake ya udongo na samadi, akichambua shanga. Imamu alimpa salamu kama alivyoagizwa: kwamba mwanao yu hai. Mama hakulia. Aliuliza alikuwa amevaa nini. Tulipomwambia suruali na fulana, alinyamaza, kisha akauliza shuka lake liko wapi. Hatukuweza kumjibu.

Alikuwa amesikia habari za kukamatwa, lakini miezi yote ile alikuwa akiambiwa mara mwanawe amepelekwa huku, mara kule. Mume wake ni marehemu. Mtoto wake mkubwa alikuwa amekwenda mjini mara moja, akauza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli, akafika getini siku isiyokuwa ya kutembelea wafungwa, akarudi. Hakuna aliyemfukuza kwa ubaya. Aliambiwa tu aje Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa mbali kwa siku tatu, naye hana pa kulala.

Kisha mama aliuliza swali ambalo tumelirudia katika vikao vingi tangu siku ile. Alisema: mwanangu amekosa, sawa, ng'ombe waliingia pale pasipotakiwa, basi tuambieni tunadaiwa ng'ombe wangapi ili tulipe, jambo liishe. Katika sharia ya Kimaasai kila kosa lina idadi yake. Hata damu ya mtu ina idadi: wazee hutaja ng'ombe 49 kuwa fidia ya mwanamume aliyeuawa. Sisi tuliosoma fiqhi tunaijua diya na ngamia wake 100, wala hatukuona jambo la kigeni katika maneno ya mama yule. Kosa lina kipimo. Kipimo kikitimia, watu wanapeana mikono.

Imamu alijaribu kumweleza kwamba shauri halijafika hapo, kwamba kila linapoitwa mahakamani husemwa kuwa upelelezi haujakamilika. Mwalimu alisita katika kutafsiri. Akatuambia kwamba neno upelelezi amelitia kwa Kimaasai kuwa ni kufuata nyayo. Mama akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nyayo za miezi saba?" alisema. "Upepo umekwisha kuzifuta."

Usiku ule tulilala kwenye chumba cha darasa. Mzee mmoja alikuja kutuamkia akakaa mpaka usiku wa manane. Yeye mwenyewe alipata kukaa mahabusu miaka ya nyuma, kwa kesi ya ng'ombe, na alipenda kujua kama mambo bado ni yale yale. Tulimsimulia tuliyoyaona, naye akatusimulia yake, na tofauti ilikuwa ndogo. Tutayaweka hapa pamoja, kwa kuwa wapo wasomaji wenye jamaa zao huko ambao hawajapata kuambiwa.

Siku ya gerezani huanza kwa hesabu. Jua halijachomoza, nyapara hupiga kelele, watu huchuchumaa mistari ya watano watano, na askari hupita akihesabu vichwa. Hesabu isipotimia huanza upya. Kisha mlango hufunguliwa, hutolewa mtondoo, yaani ile ndoo ya haja iliyokesha ndani pamoja na watu, na foleni ya maji huanza. Hufuata uji, na baada ya uji hakuna kitu. Mfungwa aliyehukumiwa, mwenye sare yake ya rangi ya chungwa, huenda shambani au kwenye kazi nyingine, na kazi hiyo, ijapokuwa ngumu, humpitishia siku. Mahabusu huvaa nguo zake na hukaa uani, kwa kuwa kisheria yeye bado si mfungwa. Mchana ni ugali na maharage. Alasiri mapema watu huhesabiwa tena, wakaingizwa ndani, na mlango ukafungwa mpaka asubuhi. Mlango uliofungwa saa 10 alasiri na kufunguliwa saa 12 asubuhi umefungwa saa 14.

Ndani ya saa hizo 14 kuna Magharibi, Isha na Alfajiri. Maji ya udhu ni yale ambayo mtu amejiwekea kwenye chupa. Yakimwagika au yakinywewa na mgonjwa, ni kutayamamu kwenye ukuta. Katika Ramadhani mlo hutolewa mchana, mlango hufungwa kabla ya jua kuzama, hivyo mfungaji hufuturu kwa ugali uliopoa uliowekwa kwenye kopo, na kwa daku hubakisha nusu yake. Tumewahi kuomba chakula cha wafungaji kichelewe kwa saa moja. Mkuu mmoja alikubali, akahamishwa. Aliyemfuatia alisema hana askari wa kutosha wa kusimamia, na alisema kweli, tuliwaona wenyewe walivyo wachache.

Kulala ni kwa ubavu, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Atakayegeuka huwageuza wote, kwa hiyo kugeuka hufanywa kwa amri ya nyapara. Serikali yenyewe imepata kutaja kwamba uwezo wa magereza ya Tanzania Bara ni watu 29,902. Kwa miaka mingi waliomo wamekuwa wakizidi idadi hiyo, na karibu nusu yao ni mahabusu. Mtu akishayasikia haya hahitaji kuulizia chanzo cha upele na kifua kikuu.

Mzee wa Piyaya hakulalamikia sana chakula, wala kulala. Alichokichukia ni hesabu. Alisema kwamba nyumbani hata ng'ombe hawahesabu. Jioni wanapoingia bomani mwenyewe husimama mlangoni, na asiyeonekana hujulikana mara moja, kwa kuwa kila mmoja ana rangi yake, pembe zake na mama yake. Kule alihesabiwa mara tatu kila siku, na katika muda wake wote hakuna aliyemwita kwa jina isipokuwa siku za mahakama.

Siku za mahakama nazo zina taabu yake. Kila baada ya siku 14 mahabusu huamshwa mapema, hupakiwa kwenye karandinga, hufikishwa mjini, huketi katika chumba cha chini pamoja na wengine, kisha huitwa. Mwendesha mashitaka husema shauri limekuja kwa kutajwa na upelelezi bado. Hakimu hutaja tarehe nyingine. Yote hayo hayazidi dakika tatu. Mara nyingine hakimu ana udhuru, na tarehe hutajwa na mwingine asiyelijua shauri. Akirudi gerezani mlo wa mchana umekwisha kugawiwa.

Kutoka katika hali hiyo huzaliwa tamaa moja ya ajabu, nayo tumeisikia kwa zaidi ya mtu mmoja: tamaa ya kuhukumiwa. Aliyehukumiwa miezi sita anaijua siku yake ya kutoka, na anajua kwamba kwa nidhamu njema hupunguziwa. Tarehe 9 Desemba Rais anapotoa msamaha, anaotoa kwa mamlaka ya ibara ya 45 ya Katiba, yeye anaweza kuwamo. Mahabusu hawezi kusamehewa kosa ambalo halijathibitishwa. Ibara ya 13 ya Katiba hiyo hiyo inamhesabu kuwa hana hatia. Lakini asiye na hatia hana siku ya kutoka. Kijana wetu alituambia kwamba mara mbili alitaka kukiri kila kitu, hata yale asiyoyafanya, ili apewe tu namba ya miezi. Aliyemzuia ni mzee mmoja wa Kiislamu katika pembe ile ya sala, naye anaikabili kesi isiyo na dhamana na ameisubiri zaidi ya miaka mitatu. Kwa kesi za namna hiyo hakuna safari ya Piyaya itakayosaidia. Mei 2020 Mahakama Kuu iliwahi kutamka kwamba kifungu cha sheria kinachozuia dhamana kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile.

Lakini kesi ya kijana huyu ilikuwa na dhamana, nalo ndilo lililotuuma zaidi. Alikuwa ndani kwa sababu ya mali isiyohamishika. Katika Piyaya nzima ni nani mwenye hati ya nyumba? Ardhi ni ya kijiji, nyumba ni ya udongo na samadi, na utajiri wote wa watu hutembea kwa miguu minne. Kaka yake ana ng'ombe ambao thamani yao inapita nyumba nyingi za mjini, lakini hakuna karani wa mahakama atakayepokea ng'ombe. Hatusemi kwamba sharti lile liliwekwa kwa nia mbaya. Tunasema liliwekwa na mtu aliyemfikiria mkazi wa mjini.

Asubuhi tulimtafuta mtendaji wa kijiji, tukaambiwa yuko Wasso kwenye kikao. Tulimngoja siku nzima. Imamu, ambaye hawezi kukaa bure, aliwafundisha watoto kuhesabu kwa Kiarabu, nao wakamfundisha majina ya rangi za ng'ombe, ambayo ni mengi kuliko rangi tunazozijua. Mtendaji alirudi jioni kwa pikipiki. Alikuwa mtu mwepesi; aliandika barua mbili kwa mkono wake, moja kwa ajili ya kaka mkubwa, nyingine kwa ajili ya mwalimu, mkalimani wetu, aliyejitolea bila ya kuombwa. Mwalimu ana mshahara wa serikali na kiwanja alichokwisha kupimiwa huko Karatu. Kaka ana kitambulisho na barua tu. Tuliona kwamba pengine hakimu ataangalia.

Mama alitupa kibuyu cha maziwa ya mgando tumpelekee mwanawe, na shuka jekundu jipya. Tulimweleza kwamba chakula cha kutoka nje kinakubaliwa kwa mahabusu, lakini mwenye kukileta hukionja kwanza mbele ya askari. Alifikiri kidogo akasema, basi onjeni nyote watatu, ili wawe na hakika.

Tulirudi tukiwa watano ndani ya gari. Siku ya Jumatano hakimu aliwapokea wadhamini wote wawili. Kwa kaka alikubali barua ya mtendaji iliyotaja kwamba ni mkazi wa kudumu na mwenye familia, na akatamka kwa sauti kwamba sharti la mali isiyohamishika kwa mtu wa kijiji kile litazamwe kwa busara. Haikumchukua dakika kumi. Kijana alitoka jioni ile ile. Alivaa shuka lake pale pale nje ya geti, juu ya suruali, na maziwa akayanywa amesimama. Kisha akatuomba tumsubiri, akamwita askari mmoja, akampa kandambili na kipande chake cha sabuni vipelekwe kwa yule mzee wa pembe ya sala.

Shauri lake bado lipo. Tangu atoke limetajwa mara nne, na kila mara upelelezi haujakamilika. Sharti la dhamana linamtaka ahudhurie kila tarehe, na kutoka Piyaya hiyo ni safari ya siku mbili kuja na siku mbili kurudi. Usiku wa kuamkia mahakama hulala katika chumba cha wageni cha msikiti wetu. Muadhini humgongea mlango kabla ya adhana ya Alfajiri apate basi la kwanza. Mara ya mwisho alikuja na mbuzi dume, akamfunga kwenye mti nyuma ya choo cha wanaume, akasema ni wa mzee; mzee akitoka, achinjiwe. Kamati imekubaliana mbuzi atunzwe. Majani ananunuliwa kutoka kwenye sadaka.